Mji Ulioitwa kwa Jina la Ukuta

Msafiri atokaye Ilula kwenda mjini Iringa huyaacha nyuma mashamba ya nyanya na vitunguu, akaifuata barabara kuu upande wa magharibi. Safari yenyewe si ndefu. Yapata kilomita 45. Kabla hajaufikia mji, hupita mahali paitwapo Lugalo. Hapo upo mnara wa ukumbusho. Watu wengi hupita wasigeuze hata shingo zao kuutazama. Wenye magari wana haraka, wenye matenga ya nyanya wanawaza bei ya sokoni, na watoto hudhani kuwa ni alama ya mpaka tu.

Lakini mnara ule una habari. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wadachi, yaani Wajerumani, lilikuwa likipita katika nchi ile chini ya mkubwa wao, Emil von Zelewski. Watu wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikuwa wamejificha kando ya njia. Ishara ilipotolewa waliwarukia kwa ghafula, na kwa muda mfupi Zelewski na sehemu kubwa ya jeshi lake walikuwa wamekwisha kufa. Wahehe nao walipoteza mashujaa wengi siku ile. Baadaye, nchi ilipokuwa imetekwa, Wadachi walisimamisha mnara kuwakumbuka watu wao.

Basi mwanafunzi na afikiri kidogo. Jiwe husema habari za yule aliyelisimamisha. Habari za wengine halisemi. Mtu asomaye mnara tu atawajua waliokufa upande mmoja, wala hatajua kwamba mashujaa wa upande wa pili walianguka papo hapo wakiilinda nchi yao. Kwa hiyo kulijua jengo la kale si kuliona kwa macho tu. Ni kuuliza pia: Nani alilijenga? Alilijenga kwa sababu gani? Na ni nani ambaye hakutajwa?

Biblia inasimulia kwamba Waisraeli walipokwisha kuvuka mto Yordani, Yoshua aliagiza mawe 12 yatolewe mtoni, yasimamishwe nchi kavu. Sababu yake ilikuwa moja: watoto watakapouliza maana ya mawe yale, wazee wapate nafasi ya kuwasimulia. Mawe peke yake hayakutosha. Yalihitaji mtoto wa kuuliza na mzee wa kujibu.

Lilinga la Kalenga

Katika lugha ya Kihehe ngome huitwa lilinga. Neno hilo ndilo lililozaa jina la Iringa. Maana yake ni kwamba mji mzima, pamoja na mkoa wake, huitwa kwa jina la ukuta. Lakini mgeni akifika mjini na kuuliza, "Ukuta wenyewe uko wapi?" hakuna awezaye kumwonyesha, kwa kuwa haukuwako pale kamwe. Ngome ilikuwa Kalenga, yapata kilomita 15 kutoka mjini, karibu na mto Ruaha Mdogo.

Mkwawa aliizungushia Kalenga ukuta mrefu wa mawe, kazi ya watu wengi na ya miaka kadha wa kadha. Alikuwa amesikia habari za silaha za Wadachi, akatumaini kwamba ukuta ule ungewazuia. Baada ya vita vya Lugalo Wadachi walijitayarisha kwa muda wa miaka 3. Kisha wakaja na mizinga, chini ya Gavana von Schele, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ikaanguka. Mkwawa aliponyoka, akaendelea kupigana kwa kuvizia katika misitu na milima, hata tarehe 19 Julai 1898 alipojiua kwa risasi asipate kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani.

Mwaka 1896 Wadachi walikuwa wamejenga kituo chao kipya mahali pengine, juu ya mwinuko, wakalichukua jina la Iringa wakalipeleka huko. Hivyo jina lilihama, na ukuta ukabaki nyuma bila mwenyewe. Leo anayetembea Kalenga huona masalio yake tu. Ukuta ukibomolewa na kuachwa bila mlinzi, mvua humwaga udongo wake, mizizi ya miti huyatenga mawe, na jiwe lililokwisha kulegea huonekana kuwa jiwe tu, linalomfaa yeyote aliye na msingi wa kujenga. Hakuna mtu asemaye, "Leo nitaiharibu historia." Kila mmoja husema, "Mawe mawili tu." Lakini mawe mawili ya watu elfu ni ukuta mzima.

Hata hivyo Kalenga haikusahauliwa. Mapatano ya amani yaliyotiwa sahihi huko Versailles mwaka 1919, baada ya vita vikuu vya kwanza, yalikuwa na kifungu kilichoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Miaka mingi ilipita. Mwishowe Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilitafuta katika makumbusho ya mji wa Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 likarudishwa Kalenga, likapokewa na Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Likawekwa katika nyumba iliyokusudiwa kulitunza, nayo ndiyo makumbusho ya Mkwawa. Nyumba yenyewe ni ndogo. Lakini mtoto aingiaye humo hutambua kwamba nyumba haipimwi kwa ukubwa wake, bali kwa kile inachokihifadhi.

Nyumba ya adui wa jana

Turudi mjini. Katika mji wa Iringa yako majengo yaliyosalia tangu wakati wa Wadachi. Mojawapo hujulikana kwa jina la Boma. Lilijengwa liwe hospitali ya askari. Baada ya vita vya 1914 hata 1918 nchi ilipokuwa mikononi mwa Waingereza, lilitumiwa kuwa ofisi ya serikali, na ndiyo sababu watu wakaliita Boma. Humo ndimo walimopita wenye mashauri na wenye shida zao, kizazi baada ya kizazi.

Nyumba ya namna hiyo ikizeeka huwa katika hatari. Ofisi huhamia katika majengo mapya, vyumba hubaki vitupu, na chumba kitupu ni mwanzo wa gofu. Kwa bahati njema Boma la Iringa lilipata watu wa kulitazama. Chuo Kikuu cha Iringa, kwa kazi yake iliyoitwa Fahari Yetu, na kwa msaada wa fedha kutoka Umoja wa Ulaya, kilisimamia matengenezo yake. Mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa na nyumba ya utamaduni. Pale palipokuwa na vitanda vya wagonjwa wa kigeni, kisha meza za makarani, pakawekwa vyombo vya watu wa Nyanda za Juu za Kusini, pamoja na picha na maelezo ya maisha yao.

Huenda mtu akauliza: "Kwa nini kulitunza jengo lililojengwa na watu waliotupiga vita? Lilinga letu walilivunja. Na sisi tuitunze nyumba yao?" Swali hilo si la kipumbavu, wala asiyelipenda Boma hapaswi kuchekwa. Ana uchungu wenye sababu.

Majibu yapo matatu. La kwanza, nyumba za wakati ule, ijapokuwa ziliamriwa na wageni, zilijengwa kwa jasho la Waafrika. Hao ndio waliobeba mawe, waliokanyaga udongo, waliopasua mbao. Kuibomoa nyumba ni kuifuta kazi ya mikono yao mara ya pili. La pili, nyumba ni shahidi. Ushahidi wa mambo mabaya una thamani kama ushahidi wa mambo mema, kwa sababu mtu akikana kwamba jambo halikutendeka, ukuta humjibu. La tatu, nyumba inaweza kupewa kazi mpya. Mtoto wa Mhehe, wa Mbena au wa Mkinga aingiaye Bomani kusoma habari za babu zake, amekwisha kuigeuza nyumba ile kuwa yake. Huo ni ushindi usiohitaji bunduki.

Maadui wa nyumba

Wanafunzi wengi hudhani kwamba nyumba huanguka kwa uzee. Sivyo. Nyumba huanguka kwa maji.

Maji huingia kwa njia mbili: kutoka juu na kutoka chini. Kutoka juu huanza na bati moja lililotoboka au kigae kimoja kilichopasuka. Tone huanguka juu ya boriti, boriti ikawa mbichi, ikaoza, na mchwa wakaipenda. Boriti ikilegea, paa hukaa upande. Paa likikaa upande, ukuta husukumwa nje. Hivyo kigae kimoja, ambacho fundi angekibadili kwa saa moja, kimeangusha ukuta uliosimama miaka 100. Kutoka chini, maji ya mvua yasiyokuwa na mfereji husimama kando ya msingi. Ukuta huyanywa kama utambi unywavyo mafuta ya taa, na lipu ya chini huanza kububujika na kubanduka.

Hapo fundi asiyejua huleta dawa iliyo mbaya kuliko ugonjwa. Akiona lipu imebanduka, huchanganya saruji akaupaka ukuta mzima, ukang'aa. Lakini kuta za kale zilijengwa kwa mawe na chokaa, ama kwa mawe na udongo. Chokaa ni laini, tena ina vitundu vidogo visivyoonekana; unyevu ulioingia ukutani hupata njia ya kutoka, ukakauka kwa jua na upepo. Saruji ni ngumu, nayo huziba. Maji hufungiwa ndani, chumvi yake hukusanyika nyuma ya saruji, na baada ya miaka michache saruji huanguka kwa mabamba makubwa pamoja na uso wa mawe. Kwa hiyo mwashi mwenye busara kwanza huuliza ukuta ulijengwa kwa nini, kisha hutengeneza kwa kitu kilekile.

Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa, au mawe ya matumbawe kule pwani, katika tanuri la kuni. Mawe yakiisha kuiva hutiwa maji, nayo huchemka kwa ukali hata kuweza kumwunguza mtu asiyeangalia. Kisha huachwa yapoe, na kadiri yakaavyo ndivyo chokaa iwavyo njema. Kazi hiyo inataka subira, na labda ndiyo sababu imeachwa na wengi.

Adui mwingine ni moto, na mwingine ni uvivu wa wenye nyumba, ambao hauna sauti. Huko Unguja, Sultani Barghash alijenga mwaka 1883 jumba kubwa liitwalo Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Lilikuwa fahari ya Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka wakati lilipokuwa likitengenezwa, na watu 2 wakapoteza maisha yao. Kumbe kutunza nyumba za kale si mapambo wala mchezo wa matajiri. Nyumba isiyotunzwa kwa wakati wake huua.

Kwa upande mwingine, kazi ifanywayo na wenyeji huleta matunda. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya mahali palipo hatarini, kwa sababu mawimbi yalikuwa yakiila pwani na mvua ikizibomoa kuta. Watu wa visiwani walishiriki kazi ya kuyaokoa: magugu yaling'olewa ukutani, mawe yakarudishwa mahali pake, na mikoko ikapandwa ufuoni ili mizizi yake iushike udongo. Mwaka 2014 Kilwa iliondolewa katika orodha ya hatari.

Sheria na mpaka wake

Serikali nayo ina sehemu yake. Katika Tanganyika sheria ya kuhifadhi majengo ya ukumbusho ilitungwa mwaka 1937, na baada ya uhuru ikafuatwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo hulinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mtu haruhusiwi kuyabomoa wala kuyageuza kwa kujipendea.

Mwanafunzi aliyeangalia miaka vizuri ataona jambo hapa. Ukuta wa Kalenga ulijengwa baada ya 1863. Boma la Iringa lilijengwa baada ya 1863. Kanisa la kwanza la karibu kila misheni katika Nyanda za Juu za Kusini lilijengwa baada ya 1863. Je, hayo yote hayana ulinzi? Sheria imeacha mlango: Waziri anaweza kutangaza kwamba jengo fulani, ijapokuwa si la zamani kiasi hicho, ni la ukumbusho, nalo hupata ulinzi uleule. Lakini Waziri hawezi kulitangaza jengo asiloambiwa habari zake. Lazima awepo mtu wa mahali pale aliyelitambua kwanza, akaandika habari zake, akazipeleka kwa wakubwa. Sheria ni kama kufuli: ni imara, lakini haijifungi yenyewe mlangoni.

Tena ni lazima kusema kweli kwamba si kila kilicho cha kale chaweza kubaki. Mjane akaaye katika nyumba ya zamani inayovuja hawezi kuambiwa, "Usiiguse, ni urithi," na huku hapewi hata bati moja. Mwenye duka anayetaka kujenga ghorofa hana dhambi kwa kutaka riziki. Kwa hiyo penye busara watu hukaa pamoja wakachagua: jengo lipi likipotea, habari yake itapotea nalo? Hilo ndilo la kupiganiwa kwanza. Na mwenye kutakiwa kulitunza hana budi kusaidiwa, maana si haki mtu mmoja kubeba mzigo wa kumbukumbu za wote.

Nyumba zinazotunzwa kwa mikono

Wahehe wa zamani walijenga tembe: nyumba ndefu ya miti na udongo, yenye paa la kulala lililofunikwa kwa udongo. Tembe halikai kama jiwe. Masika moja bila matengenezo huliharibu, kwa hiyo wenyewe walilipaka na kulifunika tena mara kwa mara. Huenda mtu akasema kwamba nyumba za namna hiyo hazina historia kwa kuwa hazidumu. Amekosea. Historia yake haimo katika udongo, imo katika mikono ya ajuaye kujenga.

Ushahidi uko Uganda, huko Kasubi katika mji wa Kampala. Pana nyumba kubwa ya duara iliyoezekwa kwa nyasi, iliyojengwa mwaka 1882 kuwa jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza, nayo ikawa kaburi lake mwaka 1884. Wamezikwa humo wafalme 4 wa Buganda. Tarehe 16 Machi 2010 usiku nyumba ile iliungua moto. Watu walilia, na wengi walidhani kwamba imekwisha. Lakini ufundi wake haukuungua. Katika Buganda kazi ya kuezeka nyumba ile ni ya ukoo wa Ngeye, yaani wa mbega, nao walikuwa wamefundishana, baba kwa mwana, tangu zamani. Kazi ya kuijenga upya ilichukua miaka mingi, hata mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa Kasubi katika orodha ya mahali palipo hatarini.

Huko Ujapani nako pana hekalu la Ise, lililojengwa kwa mbao. Desturi yao ni kulijenga upya kila baada ya miaka 20, na mara ya karibuni walimaliza mwaka 2013. Kwa miaka 20 kijana aliyebeba mbao amekuwa fundi, na fundi amekuwa mzee wa kufundisha. Hivyo jengo ni jipya daima, na ufundi ni wa kale daima.

Mambo haya mawili humfundisha mwana wa Ilula kwamba nyumba hutunzwa kwa namna mbili: kwa kuyahifadhi mawe yake, na kwa kuuhifadhi ujuzi wake. Mzee ajuaye kujenga tembe akifa bila mwanafunzi, ni sawasawa na Boma kuteketea, ila hakuna atakayeuona moshi.

Kazi ya shule

Wanafunzi hawana fedha za kununua mabati, wala hawana amri juu ya majengo. Lakini kazi ya kwanza ya kuhifadhi haihitaji fedha. Inahitaji macho, miguu, kalamu na adabu.

Kila kijiji kina majengo ambayo watu wake huyapita kila siku: kanisa au msikiti wa kwanza, darasa la kwanza, duka la zamani, nyumba ya chifu au ya jumbe, daraja, kisima. Wanafunzi na wachague moja. Waende kwa mzee wa karibu, wamwamkie kwa heshima, wamwombe ruhusa, kisha waulize: Jengo hili liliitwaje mwanzoni? Nani alilijenga, na nani alibeba mawe? Liliezekwa kwa nini kabla ya bati? Jambo gani la furaha au la huzuni lilitendeka humo? Wayaandike majibu katika daftari, pamoja na jina la mzee na tarehe. Wazee wawili wakitofautiana, maneno ya wote wawili na yaandikwe, wala moja lisifutwe.

Kisha walizunguke jengo na kulikagua. Je, paa linavuja? Je, maji ya mvua yana njia ya kuondoka? Je, mchwa wamepanda ukutani? Je, kuna mti ulioota ukutani ukingali mdogo wa kung'olewa kwa mkono? Mfereji uliozibuliwa kabla ya masika ni matengenezo makubwa kuliko sherehe yenye hotuba kumi.

Nehemia aliposikia kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka, hakuanza kwa kupiga makelele. Alizunguka usiku kwanza, akazikagua kimya kimya mahali palipovunjika. Ndipo akawaita watu, nao wakagawana kazi. Wengine wakajenga sehemu ile iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Hakuna aliyeambiwa aujenge ukuta mzima. Ulikamilika kwa sababu mtu alianza na sehemu aliyoiona kila asubuhi afunguapo mlango wake.

Lilinga la Kalenga halikupata watu wa namna hiyo kwa wakati, na leo limebaki jina. Boma liliwapata, nalo likabaki nyumba. Ni majengo mangapi ya Ilula yatakayobaki nyumba, na mangapi yatakayobaki jina tu? Jibu halimo katika kitabu hiki. Limo katika mikono ya hao wakisomao.

Maswali

1. Jina la Iringa limetokana na neno gani, na maana yake nini?
2. Kwa nini mnara wa Lugalo hautoshi peke yake kumfundisha mtu habari za mwaka 1891?
3. Eleza kwa maneno yako jinsi kigae kimoja kilichopasuka kiwezavyo kuangusha ukuta.
4. Kwa nini si vizuri kupaka saruji ukuta wa kale uliojengwa kwa chokaa?
5. Sheria ya mwaka 1964 hulinda majengo ya kabla ya mwaka gani? Jengo lililojengwa baadaye laweza kupataje ulinzi?
6. Watu wawili wanabishana kuhusu Boma: mmoja ataka libomolewe, mwingine ataka litunzwe. Andika maneno ya kila mmoja, kisha useme wewe wakubaliana na nani, na kwa sababu gani.
7. Chagua jengo moja la kale karibu na shule yako. Andika habari zake katika ukurasa mmoja, baada ya kuwauliza wazee wawili.